Tumbo la Mtoto si Tumbo la Baba

Asubuhi hiyo benchi la mbele ya duka la kinyozi lilijaa mapema, na birika la kahawa lilikuwa bado linanong'ona juu ya mkaa. Fundi baiskeli, ambaye mtaa mzima unamwita Pancha, alifika macho mekundu, akaketi bila kumtania mtu. Jana jioni alikula kiporo cha maharage na binti yake wa miaka miwili, sahani moja, kijiko kimoja. Yeye tumbo lilimsokota kidogo, akaenda chooni, yakaisha. Mtoto ameharisha mpaka kumekucha, sasa amelegea kama kitambaa cha kudekia. Mkewe anataka waende zahanati. Pancha kamjibu kwamba ni ugonjwa ule ule, utapita kama wake ulivyopita. Kusema alisema, ila moyo ulikataa kutulia, ndiyo maana akaja kutafuta wa kumuunga mkono.

Akawapata, tena kwa wingi. Wa kwanza alikuwa Mzee Bunge, mlinzi mstaafu asiyemwachia mtu neno la mwisho.

— Tumbo ni geti, Pancha. Lako lina mlinzi wa siku nyingi. Mwizi akitokeza pua tu, anamjua: si wewe uliyekuja mwaka juzi? Anamtimua. La mtoto lina mlinzi aliyeajiriwa jana. Hamjui mwizi, hamjui mwenye nyumba.

— Sasa huyo mlinzi mgeni anafanyaje? — aliuliza Pancha.

— Mara asinzie, mara apige risasi hovyo avunje madirisha ya tajiri wake mwenyewe.

— Basi aachwe ajifunze kazi, — alidakia Kinyozi. — Samaki mkunje angali mbichi.

Kinyozi akaendelea kueleza kwamba siri yote ni masharubu. Vijidudu vikija na chakula, vinanasa pale juu ya mdomo. Mtoto hana pa kuvinasia. Pancha akauliza, na mke wangu je, mbona naye alionja na ni mzima? Kinyozi akafikiri kidogo, akasema wanawake huvitisha kwa maneno.

Benchi likacheka. Muuza kahawa, huku akimimina, akakumbusha kwamba haraka haraka haina baraka, zahanati haikimbii. Mzee Bunge akafunga hoja: watoto wa siku hizi wanadekezwa na maji ya kuchemsha, matumbo yao hayajawahi kuona adui.

— Sisi tulikunywa maji ya mtaroni pamoja na mbuzi. Si sisi hawa hapa, tupo?

Kila mtu akaitikia kuwa ndiyo, tupo. Pancha akahisi mzigo umepungua, akaomba kikombe cha pili.

Ndipo alipomwona mama mkwe wake, aliyefika kwa basi la kwanza, amesimama nyuma ya benchi na mtoto mgongoni. Pancha alisimama wima, kikombe akakificha nyuma kama mwizi wa kuku.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba, baba. Mke wako anafunga mlango, tunakwenda zahanati.

Kisha akawageukia wale wengine, taratibu, bila hasira.

— Samahanini, wazee. Nyinyi mlikunywa maji ya mtaroni mkakua. Wenzenu waliokunywa wasikue, wao wanakaa kijiwe gani?

Kinyozi akaanza kufuta wembe ambao ulikuwa safi. Mzee Bunge akaweka kikombe chake chini. Alikuwa na mdogo wake wa kike aliyemfuata ziwa lakini hakukua, ambaye hata jina lake hajalitaja miaka mingi.

— Nenda, mwanangu, — alimwambia Pancha. — Baiskeli zako nitazilinda mimi.

Pancha akampokea mtoto mgongoni kwa bibi yake, akahisi midomo mikavu shingoni mwake, akatembea mbio mbele ya wanawake wote wawili.

Zahanati walimpa mtoto maji ya dawa, yale yenye chumvi na sukari, kijiko kwa kijiko. Mwanzo aliyatema. Jua lilipofika utosini alikuwa ameshika kikombe mwenyewe, na baba yake alipotaka kumpokonya akijaze tena, akamng'ata kidole. Pancha hajawahi kufurahia maumivu kama siku ile.