Ersilia wa Mkasi na Ukurasa wa Kumi na Tisa

Wasikilizaji wapendwa, kama mmepita uwanjani asubuhi hii mmeliona tangazo la msiba, lile lenye ukingo mweusi, karibu na chemchemi. Limeandikwa Ersilia Brandimarte, miaka themanini na minne. Chini yake yapo maneno mawili yaliyowafanya watu wasimame na mifuko yao ya mkate: wa Mkasi.

Nimepigiwa simu mara sita. "Nani kaandika vile? Hawana haya?" Kaandika mwenyewe, jamani. Aliacha maagizo.

Wazee wa Roccaspina wanajua jina hilo lilikotoka. Kwa ajili ya vijana, nitalisema tena. Mwaka 1931, babu yake Ersilia, mzee Oreste, alikuwa mtunza sakristia wa kanisa letu, mwenye funguo za vyombo na vitabu vya ibada. Alikuwa na watoto sita na mkasi wa kukatia manyoya ya kondoo. Kanisani kulikuwa na kitabu cha kwaya cha sikukuu ya somo wetu, mtakatifu mlinzi wa mji, Emiliano. Kitabu kikubwa kama mlango wa kabati, noti zake nene, ili waimbaji kumi wasome pamoja wakiwa wamesimama. Kurasa zake zilikuwa thelathini na moja, za ngozi ya kondoo, zenye herufi za dhahabu na buluu. Oreste aliukata kila ukurasa kwa mkasi ule, akauza zote kwa wapita njia. Kurasa thelathini na moja, zote.

Mfamasia wa wakati huo, mzee Rinalducci, alisimama uwanjani akapaza sauti: "Mwizi! Mkasi!" Jina likanata. Likawashika watoto, likawashika wajukuu. Ersilia akiwa darasa la pili, wenzake walimfuata nyuma wakichezesha vidole viwili hivi, ka-ka-ka. "Mtoto wa nyoka ni nyoka!" Alirudi nyumbani akamwambia mama yake kwamba kitabu kile atakirudisha. Mama akamwambia amalize kwanza supu yake.

Alikuwa karani wa posta, mnamkumbuka, yule aliyelamba stempu kana kwamba anazionea huruma. Posta ilimfunza anwani za dunia. Akaandika barua Bologna, Lugano, Paris. Kila muuza vitu vya kale alipata barua yake. Mwaka 1974 ukaja ukurasa wa kwanza, namba kumi na mbili. Hakuutia kwenye fremu. Aliufunga kwenye shuka, akaupeleka kwenye kwaya.

Fosco Tiberini, muoka mikate wetu, mwenye sauti ile inayotikisa vioo, alikuwapo. Ananiambia: "Tukaimba uso mmoja, tukageuza, tukaimba wa pili, tukakatika katikati ya neno! Nikamwambia, dada Ersilia, hii ni supu ya kijiko kimoja! Akanijibu, basi imba kijiko, halafu nyamaza mpaka sufuria ije."

Hapo ndipo ilipoanza desturi yetu, wasikilizaji wapendwa, ambayo wageni huishangaa. Kila sikukuu ya somo, kwenye masifu ya jioni, kwaya huimba kurasa zilizopo. Ikifika kwenye pengo, hunyamaza kwa muda uleule ambao ukurasa huo ungechukua. Fosco hupiga mapigo kwa kidole juu ya mimbari ya kitabu. Kanisa zima linasikiliza kidole. Mwaka ule wa kwanza tulinyamaza karibu saa moja na nusu. Paroko alidhani tumemgomea.

Mwaka baada ya mwaka, kimya kikapungua. Ukurasa wa saba aliukuta Lyon, umegeuzwa kifuniko cha taa, akamsihi mjane mwenye taa hiyo mpaka wote wawili wakalia. Wa thelathini aliupata umekatwa herufi yake, na tundu lile lipo hadi leo. Mpwa wake Nives anasema, "Shangazi hakuwahi kwenda baharini. Tukimuuliza likizo anaenda wapi, anasema namba ishirini na tatu."

Kufikia mwaka 2009 zilikuwa kurasa thelathini. Ulibaki mmoja tu. Mmoja, namba kumi na tisa. Miaka kumi na miwili zaidi tukawa tunanyamaza dakika tatu kwa ajili yake, na mtaani kwa Rinalducci walikuwa wakisema, "Mkasi bado unakata." Nakiri, hata mimi nilicheka siku moja. Najuta.

Sasa, yupo mtu asiyejua kwamba Ersilia hakuwahi kukanyaga duka la dawa la Rinalducci? Miaka hamsini alipanda basi hadi mji wa pili kununua aspirini. Aspirini, jamani! Na mafua akiwa nayo. Mlango ule ulimtukana babu yake, naye hakuuingia.

Mwaka ule wa barakoa, Fosco alikwenda pale kuchukua vidonge vya presha. Walikuwa wamebandika alama sakafuni, kila mteja asimame palepale. Alama yake ilimweka mbele ya picha ile tuliyoizoea sote, yenye herufi kubwa na korongo wa dhahabu, ambayo familia ilisema babu yao aliinunua Siena alipokwenda fungate. Chini ya korongo kuna mstari mmoja wa noti. Foleni ilikuwa ndefu, Fosco akauimba kimoyomoyo. Ulipokwisha, mdomo wake haukusimama. Ukaendelea wenyewe na mwanzo wa ukurasa wa ishirini, kama mlango uliopata bawaba yake.

Aliacha vidonge, akakimbia. Mtu wa kilo mia moja na kumi! Ersilia alimsikiliza, akavaa koti, akatembea hatua sitini. Miaka themanini aliyoishi, hatua sitini hizo ndizo alizokuwa hajazitembea.

Aldemaro Rinalducci, mfamasia wetu wa sasa, aliishusha picha mwenyewe. Akang'oa ubao wa nyuma. Namba za kitabu kile ziko uso mmoja tu wa ukurasa, na uso huo ulikuwa umetazama ukuta miaka tisini. Ilikuwa pale, kwa wino mwekundu. Kumi na tisa.

Fosco anasema alitaka kupiga kelele uwanja mzima usikie kwamba nyani haoni kundule. Ersilia akamkanyaga mguu. Aldemaro alikuwa mweupe kama koti lake. "Bibi Ersilia," akasema, "sijui nianzie wapi."

"Anzia na aspirini," akamjibu. "Pakiti mbili. Nimechoka na basi."

Sikukuu iliyofuata kwaya iliimba moja kwa moja, mwanzo hadi mwisho. Kidole cha Fosco hakikuwa na kazi. Watu walilia, nami nililia. Tulimuuliza Ersilia ukurasa ule umetoka wapi. Akasema, "Umekuja kwa posta." Akalishikilia jibu hilo mpaka kufa, na Fosco naye akalitunza hadi jana.

Ninayajuaje haya, basi? Jana Aldemaro alikuja hapa studioni na barakoa mfukoni, akaomba niyasome maneno yake. Nayasoma. "Babu yangu alimwita mwenzake mwizi, na alichoiba mwenzake kilikuwa ukutani kwake. Ersilia angeweza kuniaibisha siku yoyote. Kila Jumatatu alikuja kununua aspirini na kuniuliza habari za magoti yangu. Naomba mji ujue."

Mji sasa unajua. Na tangazo lile uwanjani, Nives anasema shangazi yake aliliandika akicheka: "Jina hilo nimelisafisha mwenyewe. Nizikwe nalo."

Kwa Nives, na kwa ukoo wote wa Brandimarte, wa Mkasi, poleni sana. Mji huu unajivunia kuwaita majirani. Maziko ni kesho saa nne asubuhi. Duka la dawa litafungwa, na Aldemaro ameomba ambebee Ersilia kile kitabu cha kwaya.

Nanyi, wasikilizaji wapendwa, jioni hii jiulizeni jambo moja. Hapa Roccaspina, ni mlango gani ambao hamjawahi kuuingia? Kesho, kabla ya kengele, anzeni na huo.