Kanuni ya Utafiti

Basi dogo la kutoka Aley, mji wa milimani, lilikuwa likiteremka kwenda Beirut, na Adib, abiria wa kiti cha nyuma, alijifanya amelala na kukoroma ili asikie vizuri. Mbele yake, mwanafunzi Jumana alikuwa akimsimulia mama asiyemjua kuhusu masomo yake ya amani na migogoro.

"Juzi mpiganaji mmoja wa zamani alinionyesha walipowazika watu waliokamatwa wakati wa vita pale kwenye kizuizi cha darajani."

Mama akamdaka mkono. "Kaka yangu alikamatwa pale! Wamemzika wapi?"

"Siwezi kusema, mama. Nilimwahidi kutunza siri. Ndiyo kanuni ya utafiti."

"Mama yetu amekufa akiuliza, wewe waniletea kanuni? Amani gani hiyo unayosomea?"

Adib akasahau kukoroma.

"Chuo kikuu!" dereva akaita, akasimamisha basi. Jumana akainuka. Mama hakumwachia mkono.