Mstari Uliokuwa Nyuma Yangu

Nawasalimu wote mlioko hapa, nyinyi wa Jinja na mliotoka Buwenge. Mchungaji amenipa dakika chache, na kwa kuwa nilikuwa mwanasiasa, naona ameshaanza kuangalia saa.

Wengi mnanijua kama mama anayefagia kanisa Jumamosi. Kule Mbale niliitwa mheshimiwa. Nilikuwa diwani wa wilaya kwa vipindi viwili, nikiwakilisha watu wa upande wa Nakaloke. Nilianzia kwenye kikundi cha akina mama wa sokoni, nikapanda mpaka kuongoza kamati ya maji. Pampu ya kijiji ikiharibika, nilipigiwa simu mimi kabla ya fundi. Niliipenda kazi ile, siwafichi.

Sasa, kwenye chama chetu mchujo haukuwa wa karatasi. Wagombea mnasimama mbele uwanjani, na kila mpiga kura anapanga mstari nyuma ya anayemtaka. Msimamizi wetu alikuwa mkali: mgombea asigeuke, asije akawatisha watu kwa macho. Unasimama pale umetazama mlima wa Wanale, na masikio yako yote yako mgongoni.

Mara mbili nilishinda hivyo. Mara ya tatu nikawasikia wanakuja. Ndugu zangu, nawaambia, nilisikia nyayo kwenye nyasi. Nilisikia mtu anakohoa, mwanamke anabembeleza mtoto, pumzi za watu karibu na shingo yangu. Nikatabasamu. Msimamizi akasema, "Wagombea, geukeni."

Nyuma yangu hapakuwa na mtu. Nyasi zilikuwa zimesimama, hata hazijakanyagwa.

Mnacheka? Chekeni tu. Lakini nilipoondoka uwanjani, wale watu walinifuata. Nikitembea, wanatembea. Nikisimama, wanasimama, na yule mmoja anakohoa. Nikigeuka, barabara tupu. Niliacha kwenda sokoni, nikaacha na kanisa. Nilishinda ndani mgongo umegusa ukuta, maana hapo tu ndipo hawakupata nafasi. Nikakonda, nguo zikanipwaya. Niliogopa, jamani. Niliogopa kwamba nitakufa kichaa na watoto wangu watanyooshewa kidole.

Mdogo wangu aliyeolewa Buwenge akaja kunichukua. Nilidhani nimewaacha Mbale. Siku ya soko, watu wamejaa, nikawasikia tena, na safari hii mstari ulikuwa mrefu zaidi. Nikajibanza kwenye ukuta wa duka nikilia. Kila aliyepita aliniambia, "Mama, hapana mtu."

Ndipo akaja afande mmoja wa magereza, mwanamke mwenzetu wa kanisa hili. Jina silitaji, ila naona anajificha nyuma ya nguzo pale. Yeye hakusema hapana mtu. Aliuliza kwa Kiswahili chake cha kambini, "Wao nataka nini?" Nikamweleza habari yote ya mstari. Akafikiri, akasema, "Mama, wewe bado nasimama mbele. Uchaguzi iliisha. Toka mbele, simama kando, wacha wao wapite."

Akanishika mkono, tukasogea kando ya barabara, tukangoja. Ndugu zangu, walipita. Baridi ilinipiga ubavuni katika jua lile kali. Nikasikia nyayo baada ya nyayo, mtoto akinung'unika, kile kikohozi kikanipita sikioni, wote wakaenda zao upande wa mashamba ya miwa. Vumbi halikutimka hata kidogo. Nikamtazama afande. Vinyweleo vya mikono yake vilikuwa vimesimama.

"Twende tukunywe chai," akasema.

Tangu siku hiyo nalala. Asante, mdogo wangu. Asante, afande. Asanteni nyinyi mliokuja kukaa nami bila kunihoji sana. Ninachoweza kuwaachia ni hiki: cheo kikiisha, usibaki umesimama palepale ukisikiliza. Sogea, wengine wapite, na wewe uendelee kuishi.

Wiki iliyopita nilipigiwa simu kutoka Nakaloke. Mchujo umekaribia, na kuna binti mmoja, mwalimu, anagombea kwa mara ya kwanza. Bado naogopa uwanja ule, sitawadanganya. Lakini nitakwenda, nitasimama nyuma yake, na nitaongea naye kwa sauti mpaka msimamizi aseme geukeni, ili ajue kwamba aliye nyuma yake ni mtu.