Shingo ya Baba Neema

Bwana asifiwe, wapendwa! Mbona mnaitikia kama mmelazimishwa? Haya, nisikilizeni.

Mimi ni mama Neema, mkulima wa Kerege. Ndugu zangu, mume wangu ni mtu wa kimya, hata kuumwa anaumwa kimyakimya. Asubuhi moja tunakunywa chai, kikombe kikamponyoka. Mkono wa kulia umelegea, mdomo umepinda, anataka kusema na maneno hayaji. Chai haijakauka mkekani, akawa mzima, anaomba kikombe kingine!

Majirani wakasema kapitiwa na upepo mbaya. Huku kwetu, aliyepitiwa na upepo huchuliwa. Akaitwa bibi mchuaji, mama wa watu, aliyenikanda mimi uzazi wangu wote. Mafuta ya nazi yakawekwa motoni, akaambiwa baba Neema avue shati, kwani upepo unatolewa kuanzia shingoni. Moyo wangu ukakataa. Sababu sikuwa nayo, nilikuwa na machozi tu. Nikamwambia, "Baba Neema, nakuogopea. Twende hospitali, kwa ajili yangu."

Akanitazama, akavaa shati. Mwanaume yule ananipenda, jamani!

Daktari, binti mdogo mwenye adabu, alimwamkia, kisha akaweka kile chombo cha kusikilizia moyo shingoni. Kushoto akakaa sana. Akatueleza kwamba mshipa wa kupeleka damu kwenye ubongo, ukiwa wazi, hupitisha damu kimya, ila huu unavuma. Akauliza kama kuna aliyemchua shingo. Nikasema bado. Akashusha pumzi, akasema mshipa kama huu ukichuliwa, uchafu ulioganda ndani unaweza kubanduka ukapanda kwenye ubongo.

Wakampaka shingoni mafuta mazito ya baridi, wakapitisha kifaa polepole, na damu ikaonekana ikipita kwenye kioo cha mashine. Haina maumivu, wapendwa, mume wangu alikaribia kusinzia! Ndipo tukaonyeshwa pale mshipa ulipoziba, pamebaki njia nyembamba. Picha nyingine ikathibitisha. Ikabidi apasuliwe, Dar, na tukaambiwa wazi kwamba anaweza kuamka hasemi.

Nilikaa nje ya mlango wa chumba cha upasuaji nikiomba neno moja tu. Neno lolote, Bwana, hata la kunigombeza.

Alipofumbua macho alinitafuta. Akasema, "Mama Neema, umekula?"

Ndugu zangu, nililia kama mtoto. Mtegemeeni Mungu huyu! Na mkono ukilegea ukarudi, usiseme yamepita. Nenda hospitali siku hiyohiyo, Mungu yuko na huko.

Baba Neema, simama wakuone.