Hesabu ya Thelathini: Maisha ya Mwalimu Eligio Zárate Ovelar

Padri wetu, majirani wa Isla Guavirá, wazazi wa watoto waliopita mikononi mwa Baba, na ninyi nyote mliokuja kumsindikiza, jina langu ni Nilsa Zárate, binti wa marehemu, nimepewa na familia kazi ya kuwasomea historia yake. Wengi mnanijua kuwa si msemaji, hata dukani huwa nanyoosha kidole, kwa hiyo nimeandika kila neno na nitasoma polepole, nikikwama mtanivumilia.

Baba yetu alizaliwa tarehe 1 Desemba 1961 hapa hapa Isla Guavirá, karibu na Tobatí, akiwa mtoto wa nne wa marehemu Cecilio Zárate, mfyatua matofali, na marehemu Bibi Petrona Ovelar, naye akapewa jina la mtakatifu wa siku hiyo kama ilivyokuwa desturi ya nyumba yao.

Alianza shule ya msingi Februari 1969, akasoma hadi darasa la sita, akatoka mwaka 1974 akiwa na mwandiko mzuri ambao mwalimu wake aliwaonyesha wengine, lakini hakuendelea kwa sababu babu aliumia mgongo na tanuru lilihitaji mikono.

Mwezi Februari 1980 alichukuliwa jeshini kama vijana wote wa wakati ule, na huko, mwezi Novemba mwaka huo huo, lilitokea jambo alilotusimulia mara moja tu, akiwa ameshika kikombe na hanywi. Walikuwa uwanjani wakifanya gwaride, mawingu yakiwa yameshuka, na kijana mmoja aliyeitwa Catalino, aliyesimama kushoto kwake, akasema, "Afande, radi iko karibu." Sajenti akajibu, "Wewe ni askari au binti wa mchungaji? Geuka kushoto!" Wakageuka kushoto, radi ikapiga, Baba akaanguka na kuamka, Catalino hakuamka. Baba alisema kilichomkaa moyoni zaidi ni kwamba sajenti yule aliendelea kushika filimbi yake mkononi, kama mtu aliyesahau ni kitu gani.

Alirudi nyumbani mwaka 1981, akaajiriwa katika tanuru la Bwana Insfrán, na hapo alifanya kazi miaka arobaini na tatu, kwanza akikanyaga udongo, kisha akifyatua, mwishowe akisimamia moto, kazi ambayo ilimpa mkate na ilimpa pia kile kifua kilichokuja kumchukua.

Tarehe 23 Mei 1987 alifunga ndoa na mama yetu, Teodora Ayala, katika kanisa la Tobatí, wakabarikiwa watoto wawili, kaka yangu Wilfrido aliyezaliwa mwaka 1990, ambaye anafanya kazi ya ujenzi Buenos Aires na alifika juzi Jumamosi, na mimi, niliyezaliwa tarehe 14 Aprili 1997. Ameacha wajukuu wanne.

Jumamosi ya tarehe 5 Machi 1994 alianza kuwafundisha watoto mpira katika uwanja ulio nyuma ya tanuru, akiwa na mpira mmoja na watoto tisa, na hakuacha kwa miaka thelathini. Vipande vya matofali yaliyovunjika ndivyo vilivyokuwa koni zake, watoto walipita katikati yake wakichenga, kwenda kwa mguu wa kulia na kurudi kwa wa kushoto, na Jumanne nzima ilikuwa ya mguu wa kushoto peke yake, ukigusa kwa wa kulia unakwenda kukaa na mbwa. Alipanga pasi za pembetatu, alicheza nao ule mchezo wa mwendawazimu katikati, yeye mwenyewe akiwa mwendawazimu, akiukimbiza mpira wao na tumbo lake mpaka watoto wakaishiwa nguvu kwa kicheko. Hakuna aliyeingia mazoezini bila kumpa mkono na kumtazama machoni, na hakuna aliyefukuzwa kwa kukosa viatu.

Zoezi lake moja lilijulikana mpaka Tobatí, na ndilo lililomfanya achekwe. Umeme ukimulika, hata kwa mbali, watoto wote walianza kuhesabu kwa sauti moja huku wakiendelea na mpira, moja, mbili, tatu, na ngurumo ikifika kabla ya thelathini, Baba alipuliza filimbi, kila mtoto aliuacha mpira pale pale ulipo, hata kama yuko peke yake na goli, akakimbilia banda la tanuru. Wazazi walimtania, "Mwalimu Eligio, wewe ni wa chumvi, utayeyuka?" naye akawajibu, "Mimi ni wa udongo, bwana, nikilowa kabla ya kuchomwa ndiyo basi tena." Timu za jirani zilituita Waoga wa Mvua. Mwaka 2011 tuliacha fainali ya watoto tukiwa tunaongoza mabao mawili kwa moja, tukapoteza kombe kwa sababu tulitoka uwanjani bila idhini ya mwamuzi, na Baba alirudi nyumbani anapiga mluzi. Kwa miaka thelathini hakuna mtoto wake aliyeguswa.

Sasa nafika mahali ambapo kaka yangu, aliposoma karatasi hii jana, aliniambia, "Nilsa, hilo litoe, watu wanakuja kuzika, hawaji kusikiliza kesi." Nikamwambia, "Basi andika yako usome wewe." Mama akasema, "Mwache asome."

Jumamosi ya tarehe 19 Oktoba 2024 alikuja mgeni kutoka klabu kubwa ya Asunción kuchagua watoto wawili wa kwenda kulelewa huko, kwa chakula, shule na viatu. Hatukuwahi kupata mgeni kama huyo. Tulikuwa wazazi kumi na wanne kwenye waya wa uzio, tumevaa kama tunakwenda misa. Mgeni alitazama watoto wakichenga kwenye matofali, alitazama pembetatu, akaandika andika, kisha akataka kila mtoto apige mkwaju mmoja golini. Golikipa alikuwa Derlis Fretes, mwenye miaka kumi na moja, mtoto wa Ña Eusebia, mama yetu huyu aliye hapa.

Walikuwa wamebaki watoto watatu kupiga, na mwanangu Alexis alikuwa wa kwanza wao, wakati umeme ulipomulika upande wa kilima. Watoto wakaanza kuhesabu kama walivyofundishwa, wakafika ishirini na mbili, ngurumo ikaja. Baba akaweka filimbi mdomoni.

Mgeni akatazama saa yake, akasema, "Mwalimu, mimi siku nyingine sina."

Hapo waya ukalipuka kwa kelele. "Waache wamalize, Mwalimu!" "Ni manyunyu tu hayo!" "Miaka yote unatukosesha, leo pia?" "Toa hiyo filimbi mdomoni, mzee!" Baba hakugeuka. Alikuwa amezizoea sauti hizo, alizisikia miaka thelathini na hazikuwahi kumgeuza.

Kisha nikapiga kelele mimi. Nilisema, "Baba! Alexis bado! Dakika tano tu, Baba!"

Mimi ambaye hata dukani nanyoosha kidole. Sauti hiyo ndiyo iliyomgeuza, akanitazama, nadhani kwa sababu hakuwahi kuisikia, akaitoa filimbi mdomoni, akaishika mkononi.

Alexis akapiga, Derlis akaudaka mpira, akacheka, akamrudishia, akaegemeza mkono kwenye mlingoti wa chuma akimsubiri wa pili. Zaidi ya hapo sitaandika. Watoto saba walianguka, sita wakaamka.

Alhamisi ya tarehe 24 Oktoba kamati ya wazazi ilimwita Baba katika ukumbi wa kanisa, mwenyekiti akamwuliza, "Eligio, kanuni ni yako mwenyewe, kwa nini uliivunja? Mgeni alikuahidi nini?" Baba akasema, "Hakuniahidi kitu." Akaulizwa, "Kuna mtu alikushurutisha?" Tulikuwa tumekaa mle ndani wote kumi na wanne, nilikuwa benchi la pili, nikimtazama shingo. Akajibu, "Filimbi ilikuwa mdomoni mwangu, haikuwa mdomoni mwa mtu mwingine." Wakamnyang'anya ufunguo wa banda na wakamkataza kukaribia watoto, nasi tukatoka nje mmoja mmoja bila kutazamana. Wiki hiyo neno baya lilichorwa kwa chokaa kwenye ukuta wetu, hakulifuta, alisema mvua italifuta, na mvua iliponyesha halikufutika lote.

Mwendesha mashtaka alikuja, akaandika kwamba ni ajali, akafunga jalada mwezi Machi 2025. Isla Guavirá haikulifunga. Nasikia mpaka leo inasemwa kwamba Mwalimu alimwuza Derlis kwa mgeni wa Asunción.

Mwezi Novemba 2024 Baba alifyatua matofali mia moja na themanini kwa mikono yake, hakumruhusu mtu kumsaidia hata kubeba maji, akayachoma, akayapeleka kwa mkokoteni mpaka kwenye lango la Ña Eusebia kwa ajili ya kujengea kaburi la Derlis. Ña Eusebia alitoka, akayatazama, akaingia ndani. Matofali yalikaa pale, nyasi zikaota katikati yake, na Baba kila alipopita alivuka upande wa pili wa barabara.

Kikohozi chake kilikuwepo zamani, lakini aliacha kukificha mwezi Aprili 2025, na tarehe 6 Mei madaktari walituambia kwamba mapafu yote mawili yameharibika kwa moshi na vumbi la tanuru. Niliacha kazi ya kufua nikamwuguza. Siku moja, nikimkanda mgongo, nilimwambia, "Baba, naenda kwa Ña Eusebia, nitamwambia ni mimi." Akakaa kitandani kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo, akasema, "Huendi. Mimi nakwenda zangu, wewe una mtoto wa kulea hapa, na watu hawa ndio utakaoishi nao." Nikamwambia, "Lakini si kweli wanayosema." Akasema, "Ni kweli nusu. Sajenti alikuwa na filimbi, na mimi nilikuwa nayo." Akalia, kisha akaniomba maji. Nilimwahidi kwamba nitanyamaza akiwa hai, naye hakuniomba zaidi ya hapo.

Alifariki nyumbani jana Jumapili, tarehe 8 Februari 2026, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na nne, miezi miwili na siku saba. Mama alikuwa amemshika mkono, na Alexis, ambaye hajagusa mpira tangu siku ile, alikuwa amemshika mguu.

Jana alasiri Ña Eusebia alikuja na toroli, akarudi, akaja tena, mara sita, mpaka matofali yote mia moja na themanini yakawa kwenye lango letu. Mama akamwambia, "Ingia, dada, unywe hata maji." Akasema, "Mjengeeni," akaondoka. Sijui alimaanisha nini, sikumwuliza. Wanaume waliyatumia asubuhi hii, na ndiyo mnayoyaona kwenye kuta za shimo.

Ña Eusebia, Jumamosi ile ulikuwa barabarani unauza mikate yako ya chipa, hukuwepo, na kwa mwaka mmoja na miezi mitatu hakuna aliyekuambia nani alipiga kelele. Mimi nilipiga. Wengine kumi na watatu wapo hapa, sitawataja, wana vinywa vyao. Baba aliitoa filimbi mdomoni kwa ajili yangu, si kwa ajili ya mgeni. Sikuombi kitu. Kama baada ya kusikia haya unataka matofali yako, sema sasa, kabla hatujaweka saruji ya juu, mimi mwenyewe nitayatoa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, hasa muuguzi aliyekuja nyumbani kila Ijumaa kwa miguu, inawashukuru wafanyakazi wenzake wa tanuru waliozima moto leo ili waje, kitu ambacho hakijafanyika tangu nizaliwe, inamshukuru Padri, majirani walioleta viti, muhogo na mishumaa, na wale waliokuwa watoto wake zamani na leo wamembeba mabegani. Sala za siku tisa zitafanyika nyumbani kuanzia leo jioni, na mlango uko wazi kwa kila mtu, aliyezungumza na asiyezungumza.

Baba, pumzika sasa, mzigo ulioubeba peke yako nimechukua sehemu yangu. Naona wingu limekaa upande wa kilima. Likimulika tutahesabu kwa sauti, sote, kama ulivyotufundisha, na ngurumo ikija kabla ya thelathini tutaacha koleo pale pale zilipo na kukimbilia bandani, hata kama kaburi halijafungwa, na wewe utatusubiri.