Tiketi ya Mama Sunday

Teksi iliyojaa abiria ilipotoka Kinyamaseke, Gorret aliacha kujifanya anasoma gazeti. Mbele yake mwanamke muuza vitenge alikuwa akimwonyesha simu askari aliyeketi naye.

"Afande, huko Mombasa tulinunua nyumba ya likizo watu mingi, kila mutu na wiki yake. Yangu inaanza kesho kutwa. Ikipita, ni mpaka mwaka ingine. Tiketi ya ndege nilikata mwenyewe kwa simu, bila wakala, ile ya bei chini kabisa."

"Ile haibadilishwi," alisema askari, ambaye ndege pekee aliyowahi kupanda ilikuwa ya jeshi, na hakuulizwa tiketi. "Hapa uliandika jina gani?"

"Ile watu yote wananiita. Mama Sunday."

"Na paspoti?"

"Biira Medius."

Askari akamrudishia simu taratibu, kana kwamba imeanza kuchoma. "Mama, pale uwanja wa Entebbe nani anajua Sunday?"

"Lakini ni mimi!"

"Mimi naona ni wewe. Ile mashine itaona?"

Teksi ikasimama Bwera. Wanawake wa sokoni wakamwona dirishani, wakapaza sauti kwa furaha: "Mama Sunday! Mama Sunday, umerudi?"

Mwenye jina hakuitika.