Kaka Hakukiacha Kiti

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi wageni mliotoka mbali ambao wengine bado mna vitambulisho vya mkutano mifukoni, mimi ni dada wa marehemu, ndiye ninayemfuata kwa kuzaliwa, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake, ingawa mjomba aliniita kando kabla hatujaanza akaniomba nisome taratibu na nisichokoze watu, nikamwambia nimesikia, sikumwambia nimekubali.

Kaka yetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1961 katika hospitali ya wilaya, mtoto wa kwanza wa baba yetu aliyekuwa karani wa posta na mama yetu aliyekuwa mshonaji, akalelewa katika nyumba yetu ya bondeni, upande wa chini wa mto, ambako maji yakizidi ndiko yanakofika kwanza. Tangu udogo alikuwa mtu wa utaratibu hadi akatuchosha, kwani tulipogombania kiti cha dirishani alitupangia zamu, akaiandika ukutani kwa mkaa, mama akamchapa kwa kuchafua ukuta, na kesho yake bado alidai zamu ifuatwe.

Alisoma shule ya msingi karibu na nyumbani kuanzia mwaka 1968 hadi 1974, kisha sekondari ya bweni hadi 1980, akaingia chuo cha hali ya hewa mwaka 1981 na kuhitimu mwaka 1983. Tarehe 3 Januari 1984 aliajiriwa kuwa mtabiri wa hali ya hewa katika uwanja wa ndege, kazi iliyomletea heshima na usumbufu kwa pamoja, maana majirani walikuwa wakimvizia mlangoni kila asubuhi wamuulize kama waanike nguo, na siku moja alipokosea, mama wa nyumba ya pili alimletea beseni la mashuka yaliyolowa akamwambia ayakaushe mwenyewe kwa elimu yake.

Tarehe 17 Desemba 1988 alifunga ndoa na wifi yangu huyu mnayemwona mbele, muuguzi wa watoto, katika sherehe ambayo nadhani ndiyo pekee niliyowahi kuhudhuria iliyomalizika kwa wakati uliotangazwa, kwa sababu bwana harusi mwenyewe alisimama akamwondolea mshereheshaji kipaza sauti. Walijaliwa watoto watatu, mabinti wawili na wa kiume mmoja, na wajukuu wawili, nao wote wapo hapa.

Narudi kwenye kazi, maana ndiyo iliyotufikisha hapa. Aprili 1992 bwawa lililo juu ya mto wetu lilifunguliwa bila walio chini kuambiwa chochote, maji yakaingia bondeni watu wakiwa sokoni, na mama yetu mdogo, aliyekuwa ameshatoka salama, akarudi ndani kuchukua cherehani na hakutoka tena. Siku hiyo kaka alikuwa ofisini na ramani ya mvua mezani, mvua yote aliijua, la bwawa hakuna aliyemwambia, na tangu hapo alibadilika, akawa mtu wa kuuliza swali moja kila aendako, nani alijua, na kwa nini hakusema.

Swali hilo ndilo lililozaa Mpango wa Mabonde, shirika la kudai watu wa mabondeni waambiwe mapema, aliouanzisha mwaka 2004 pamoja na mwanasheria mmoja, mama aliyekuja kuwa naibu wake, katika chumba kilichokuwa juu ya duka la fotokopi, chumba chenye joto na harufu ya wino, meza moja na viti vitatu vya plastiki, na mwaka 2007 Mpango uliandaa mkutano wake wa kwanza wa tabianchi katika bwalo la chuo, na wageni wakajipepea kwa ajenda. Mkutano ule ukakua mwaka hadi mwaka, ukawa wa kimataifa kweli, wenye wajumbe wa nchi nyingi, wakalimani kwenye vibanda vya vioo na walinzi milangoni, na kaka wakambatiza jina la Bwana Utaratibu, wengine kwa mapenzi, wengine kwa kuchoshwa naye.

Sasa nisikilizeni vizuri, hapa ndipo penyewe. Mwaka 2015 hoja ya kuwalazimisha wenye mabwawa kutoa taarifa ilifika kikao cha mwisho, na wasioitaka wakapata ujanja wa kumchosha mwenyekiti kwa hotuba hadi aombe kupumzika, akija mwingine wanaanza upya, wakachosha wenyeviti watatu na hoja ikafa. Kaka alirudi nyumbani amekasirika hadi kula hakula, na mwaka uliofuata akaandika kanuni kwamba kikao cha mwisho kikishafunguliwa mwenyekiti habadilishwi, akitoka kitini kikao kimekufa na hoja inasubiri mwaka mwingine, na kanuni hiyo haiwezi kuwekwa kando mpaka kila ujumbe uliomo ukumbini ukubali. Ukumbi mzima wa watu wasomi ulimpigia makofi, wala hapakuwa na aliyeuliza kitu, isipokuwa wifi, aliyemuuliza wakiwa mezani nyumbani itakuwaje mwenyekiti akiugua, naye akacheka, akasema mgonjwa hatafungua kikao.

Agosti 2022 madaktari waligundua kwamba moyo wake una tatizo la vali, wakampangia upasuaji tarehe 14 Novemba 2023, na hoja ya mabwawa ikarudi kwenye mkutano uliopangwa kumalizika siku tatu kabla ya hapo, na ilikuwa zamu yake kukalia kiti. Daktari wa moyo alimkataza, wifi alimlilia, mimi nikamfuata sebuleni nikamwambia waziwazi kwamba dunia ilikuwepo kabla ya Mpango wake na itaendelea kuwepo, na kwamba sina kaka wa akiba, akanishika mkono akasema, siku moja tu, dada yangu. Nilikasirika, na sitaki kuwaficha, mpaka leo nimekasirika.

Jumamosi tarehe 11 Novemba, saa tatu asubuhi, alifungua kikao cha mwisho, mimi na wifi tukiwa viti vya wageni nyuma kabisa, na mpaka mchana hotuba zilikuwa zilezile, za kusifu hoja na kuomba iahirishwe. Saa tisa wifi alinikamata goti, kwa sababu muuguzi huona kabla ya sisi wengine, na kweli kaka alikuwa amelegeza tai, jasho linamtoka, mkono wa kushoto umelala mezani. Daktari wa mkutano alipanda jukwaani, naibu akasimama akaomba kanuni iwekwe kando ili yeye akalie kiti, wajumbe wote wakakubali, wote isipokuwa mmoja, mkuu wa ujumbe uliokuwa ukiipinga hoja, mhandisi wa mabwawa, aliyeinua kibao chake cha kukataa. Wengine mmekuwa mkijiuliza tangu mmwone ameketi hapa leo kama nitamtaja, basi nimeshamtaja.

Wifi alikimbia hadi chini ya jukwaa akamwita mume wake kwa jina lake la nyumbani, mbele ya dunia nzima, amwambie inatosha ashuke, naye akamtazama, akatikisa kichwa, akaendelea kukaa. Daktari alimpa dawa palepale, akalaza kichwa mezani wakati hotuba moja ikisomwa, kisha akainua kichwa ili aulize kama kuna mwenye pingamizi, maana hoja hupita pale tu ambapo hakuna hata kibao kimoja cha kukataa, na hapo akaona kiti cha mhandisi ni kitupu.

Angeweza kuipitisha hoja akafunga, kanuni ilimruhusu, na mimi kule nyuma nilikuwa nikimwambia moyoni funga, funga twende hospitali, lakini alikataa kufunga kabla mpinzani wake hajaitwa, akamtuma mhudumu wa ukumbi, mhudumu akaenda, akarudi akasema mheshimiwa yuko kwenye simu koridoni, ameonyesha kwa mkono kwamba anakuja. Kaka akamsubiri. Ndugu zangu, mtu ambaye vali ya moyo wake ilikuwa ikishindwa kazi alikaa pale akimsubiri mtu amalize simu, hadi msaidizi wa mhandisi, aliyekuwa kiti cha pembeni, aliposema waendelee tu, ndipo kaka akauliza kama kuna pingamizi, hakuna kibao kilichoinuka, akatangaza hoja imepita na kikao kimefungwa, akaomba ashikwe mkono kushuka ngazi.

Alipelekwa hospitali moja kwa moja, akafanyiwa upasuaji wa dharura Jumatatu tarehe 13, na Jumatatu hiyohiyo ujumbe wa mhandisi ukaleta pingamizi, wakidai kwamba kaka alipolaza kichwa mezani alikuwa amezimia, kwa hiyo kiti kilikuwa kitupu, kikao kilikufa na hoja haikupita. Yaani aliyekiacha kiti chake akaenda koridoni ndiye aliyedai kwamba kaka yangu amekiacha kiti. Mjomba, usinitazame hivyo, nasoma taratibu.

Hoja ikasimamishwa, na kaka akaishi siku tisa baada ya upasuaji, sauti imekauka kwa mpira wa kupumulia, na kila tulipoingia wodini hakuuliza habari za moyo wake, aliuliza kama pingamizi limeondolewa. Watoto wake walimwambia apumzike, wifi alimwambia anyamaze ale uji, mimi nilimwambia bado, kwa sababu katika maisha yetu yote sikuwahi kumdanganya na nilijua angeniona usoni. Asubuhi ya Jumatano tarehe 22 Novemba aliniuliza tena, nikamwambia, bado, kaka, akafumba macho, na saa nne kasoro akafariki, na neno la mwisho alilolisikia kutoka kwangu ni hilo.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo waliopigana kwa ajili yake, daktari wa mkutano aliyepanda jukwaani na ambaye yuko tayari kumthibitishia yeyote kwamba mgonjwa wake hakuzimia hata dakika moja, majirani waliotuletea maji, viti na turubai bila kuombwa, na wafanyakazi wa Mpango wa Mabonde, hasa naibu, ambaye amemwahidi wifi mbele yangu kwamba kanuni ile haitamkuta mwenyekiti mwingine, maana sisi kama familia tulikataa ukumbi kupewa jina la marehemu, tukaomba kanuni ifutwe.

Imebaki shukrani moja, nayo inanipa tabu kuisema. Leo saa mbili asubuhi, tukiwa tunaosha vikombe bombani, mhandisi alikuja peke yake kwa miguu, akaulizia dada wa marehemu, akaniambia kwamba siku ile alimwona mhudumu vizuri, na simu ilikuwa imeshakatika, alibaki koridoni kwa sababu aliamriwa na wakubwa wake abaki nje, wasionekane kuiua hoja hadharani, ila baadaye kuwe na la kulalamikia, na kupitia kioo cha mlango alimwona kaka yangu akikitazama kiti kile kitupu na kusubiri. Akasema hajapata usingizi tangu siku hiyo, na kwamba kabla ya kuja kwetu amepita kwa naibu akaliondoa pingamizi kwa jina lake, na huenda kazi hana tena. Sikumkumbatia, mikono yangu ilikuwa na sabuni na moyo wangu bado haujafika huko, lakini nilimpa kiti akae, na nasema asante kwa kuja mwenyewe.

Kaka yangu, uliniuliza Jumatano nikakujibu bado. Limeondolewa. Pumzika kwa amani.